Chupa Moja, Watu Watano

Chupa ya chanjo ya Janssen, ile ya kampuni ya Johnson & Johnson, ina dozi tano. Ukishaitoboa kwa sindano ya kwanza una saa sita za kuimaliza, tena ikiwa kwenye ubaridi. Zikipita, kilichobaki kinamwagwa. Jambo hili dogo sikulijua mpaka Septemba 2021, nilipomkuta muuguzi amekaa kwenye benchi nje ya zahanati huko kwetu Nkunga, boksi la barafu liko miguuni pake, na watu watatu wamekaa pembeni tayari kuchanjwa. Hakuwachanja. Alikuwa anamsubiri wa nne na wa tano.

Alimpigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti akasema anakuja na watu, hakuja. Ilipofika saa saba mchana mzee mmoja kati ya wale watatu akainuka, akasema ng'ombe wanamsubiri, maziwa hayakamuliwi kwa maneno. Wakabaki wawili. Muuguzi akanigeukia: "Kaka, wewe umeshachanja?" Nilikuwa nimeshachanjwa Dar es Salaam mwezi mmoja kabla. Akacheka kwa kuchoka, akafunga boksi.

Nimeandika habari nyingi za UVIKO-19, nyingine ningependa zisionekane tena, lakini picha ya benchi lile ndiyo inayonirudia kila mtu anapoanza kueleza kwa nini chanjo ilisuasua Tanzania. Maelezo ya mjini huwa mepesi: watu wa vijijini hawakuelewa, waliamini uvumi, wanaogopa sindano. Mimi ni mtoto wa Nkunga. Nakataa maelezo hayo, na nitasema kwa nini.

Kwanza, Rungwe haikuwa ngeni kwa sindano. Neno lenyewe la Kiswahili linatukumbusha hivyo. Kuchanja ni kukata: unachanja kuni, unachanja ngozi. Kabla ya daktari kuja na chupa, mganga alikuwa akichanja chale na kupaka dawa, na watu waliitoa ngozi yao wakijua wanaitoa kwa ajili ya nini. Ulipokuja mpango wa dunia wa kufuta ndui, neno lilikuwa tayari, halikuhitaji kutungwa. Wazee wa rika la bibi yangu bado wana kovu la mviringo kwenye mkono, na wakikuonyesha hawaonyeshi kwa malalamiko. Ndui ilitangazwa kufutika duniani mwaka 1980. Miaka mitano kabla ya hapo, 1975, Tanzania ilikuwa imeanzisha mpango wake wa taifa wa chanjo za watoto, na tangu hapo kadi ya kliniki imekuwa karatasi inayotunzwa nyumbani kuliko hata cheti cha ndoa. Kwa miaka mingi nchi hii imekuwa miongoni mwa zinazofanya vizuri Afrika kwa chanjo za kawaida za watoto.

Halafu kuna usubi. Msomaji wa Dar huenda hajui, lakini mabonde ya Tukuyu, yenye mito inayokwenda kasi kama Kiwira na Mbaka, yalikuwa mojawapo ya maeneo ya nchi yenye ugonjwa huo unaoletwa na inzi wadogo weusi, ule unaowasha ngozi na mwisho wake hupofusha macho. Kuanzia mwaka 2000 hivi, dawa ya Mectizan iligawiwa kwa mtindo ambao wakati ule ulikuwa mgeni: mgawaji hakutoka wilayani, alichaguliwa na kijiji chenyewe. Alikuwa na daftari la kaya na fimbo yenye alama. Unasimama kando ya fimbo, urefu wako unasema umeze vidonge vingapi, unameza mbele yake, anaandika. Hakuna mizani wala vipimo vya damu, na hakuna hotuba. Nilipokuwa mdogo tulisimama kwenye fimbo ile tukisukumana, kila mmoja anataka aonekane ameongezeka kidonge kimoja kuliko mwaka jana.

Kwa hiyo unapomwona mzee wa Nkunga anainuka kwenye benchi mwaka 2021 na kwenda kukamua ng'ombe, usiniambie hajui chanjo. Aliyajua mambo haya kabla ya waziri yeyote wa afya wa awamu hii kuzaliwa. Jambo ambalo hakulijua ni aamini neno lipi.

Turudi nyuma mwaka mmoja na nusu. Machi 16, 2020, Waziri wa Afya Ummy Mwalimu alitangaza mgonjwa wa kwanza, Mtanzania aliyeingia Arusha akitokea Ubelgiji. Kesho yake shule zikafungwa. Kwa wiki sita hivi tukawa nchi ya kawaida yenye janga: takwimu zinatoka, ndoo za maji na sabuni milangoni, barakoa za vitenge zinashonwa mpaka Kiwira. Aprili 29 tukaambiwa wagonjwa ni 480 na waliofariki 16. Hiyo ndiyo taarifa ya mwisho kubwa tuliyopewa bara. Mei 3, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na kware zilikuwa zimepelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu kwamba zina korona. Maabara ikawa kichekesho. Kwenye rekodi za Shirika la Afya Duniani Tanzania ikaganda kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikakaa hapo zaidi ya mwaka mzima. Juni Rais akasema korona imekwisha nchini kwa nguvu za Mungu.

Sitaki kumtupia marehemu kila kitu. Uamuzi wa kutowafungia watu ndani, ukiuangalia kutoka Nkunga, ulikuwa na maana. Ndizi na viazi vya Rungwe vinalisha masoko ya Mbeya mpaka Dar. Lori likisimama wiki mbili, ndizi zinaivia njiani na mama aliyekopa kwenye kikundi anabaki na deni. Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde Mei 2020, siku chache tu, watu wa mkoa wa Mbeya na Songwe waliona kidogo jinsi kufungwa kunavyofanana. Wapo wanaomshukuru hadi leo kwa hilo na siwezi kubishana nao. Lakini kutofunga soko ni jambo moja, na kufunga midomo ni jingine.

Maana midomo ilifungwa. Aprili 2020 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitoza faini vituo vya utangazaji kwa habari za korona, kisha ikaisimamishia leseni ya mtandaoni Mwananchi kwa miezi sita. Julai zikaja kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuandika habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini. Gazeti nililokuwa nikifanyia kazi, sitalitaja, halikuhitaji kuonywa mara mbili. Ulizuka msamiati mpya na mimi nilikuwa mmoja wa waliousambaza. Mtu hakufa kwa korona. Alifariki baada ya kupata "changamoto ya upumuaji". Mara nyingine ilikuwa "nimonia". Mhariri alikuwa haandiki hata maelezo. Anafuta neno, anaweka jingine, anapitisha. Baada ya miezi miwili hakuwa na haja ya kufuta kitu kwa sababu nilikuwa naandika mwenyewe hivyo tangu mwanzo.

Wapenzi wa lugha tulipaswa kushtuka. Kiswahili kilikuwa kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa mkono huu kilikuwa kinatengeneza istilahi nzuri, UVIKO yenyewe ikiwa mojawapo, herufi zilizochukuliwa kutoka "ugonjwa wa virusi vya korona". Kwa mkono ule kilikuwa kinajifunza kuutaja ugonjwa bila kuutaja. "Kupiga nyungu" likawa neno la taifa: chungu cha maji yanayochemka, majani ya mkaratusi, mchaichai na mlimao ndani, blanketi kichwani, unavuta mvuke mpaka macho yanatoka machozi. Kwetu mvuke huo ulikuwa dawa ya mafua ya bibi siku zote. Mwaka 2020 ukapandishwa cheo ukawa sera.

Sasa kuna jambo ambalo hata magazeti yetu yalipokuwa huru kidogo hayakuliandika, na ambalo mtu wa Rungwe hawezi kuliepuka. Kusini mwetu, ukishuka Kyela na kuvuka mto Songwe, unaingia Malawi, Karonga, kwa Wangonde. Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu. Lugha ni karibu moja, wanaoana, wanazikana. Januari 12, 2021 mawaziri wawili wa Malawi walifariki siku moja kwa korona na Rais Lazarus Chakwera akatangaza janga la taifa. Machi mwaka huohuo akachanjwa hadharani. Mei wakachoma moto dozi 19,610 za AstraZeneca zilizokwisha muda, nazo wakazitangaza, aibu na yote. Kwa hiyo mwanzoni mwa 2021 palikuwa na ukoo mmoja wenye pande mbili za mto. Upande mmoja redio ilikuwa inahesabu maiti kila jioni. Upande wetu hapakuwa na ugonjwa. Watu walikuwa wanapigiana simu na kusikia mambo hayo, kisha wanakaa kimya. Virusi havina pasipoti, hilo kila mtu alilijua.

Januari 27, 2021, Rais alisema Chato kwamba chanjo hazifai; kama wazungu wangekuwa na uwezo huo, alisema, wangeshaleta ya UKIMWI, ya kifua kikuu, ya malaria. Februari 1 Waziri wa Afya mpya, Dorothy Gwajima, akasema wizara haina mpango wa kupokea chanjo, na mbele ya kamera akaonyesha kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili. Februari 17 walifariki siku moja Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Katibu Mkuu Kiongozi John Kijazi. Kuhusu Maalim Seif chama chake kilikuwa kimeshasema wazi, wiki kadhaa kabla, kwamba ana korona. Ilikuwa kama mtu kupiga kelele msikitini.

Wiki hiyohiyo alifariki baba mkubwa.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa kalamu mfukoni. Alianza na homa, kisha kikohozi, wakampigisha nyungu siku tatu. Siku ya nne akawa hawezi kumaliza sentensi. Walimpeleka hospitali kwa gari la kukodi, oksijeni ilikuwepo kidogo, alikaa usiku mmoja na nusu. Karatasi waliyopewa iliandikwa nimonia. Mimi nilifika siku ya mazishi. Anayejua misiba ya Kinyakyusa anajua kwamba msiba si wa familia. Ni wa kila mtu aliyewahi kupita kwenye njia ya nyumba hiyo, na mwalimu amepitiwa na watu wengi. Uwanja ulijaa, tukakaa tumebanana chini ya migomba kwa sababu mvua ya Tukuyu haijui adabu ya msiba. Nilikuwa na barakoa mfukoni. Niliivaa kidogo, shangazi mmoja akanitazama, nikaivua. Katika wiki tatu zilizofuata tulizika wengine wawili waliokuwa kwenye uwanja ule. Sijui kilichowaua. Hakuna aliyepima.

Machi 17 Rais Magufuli akafariki. Taarifa rasmi ilisema ni moyo. Machi 19 akaapishwa Samia Suluhu Hassan. Aprili akasema ataunda kamati ya wataalamu, kwani nchi haiwezi kujitenga kama kisiwa. Kamati ikaongozwa na Profesa Said Aboud wa Muhimbili, Mei 17 ikakabidhi ripoti ikishauri tujiunge na COVAX na tutoe takwimu. Julai 24 zikatua dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani. Julai 28, Ikulu Dar es Salaam, Rais akachanjwa akiwa wa kwanza, akasema yeye ni mama wa watoto wanne, bibi wa wajukuu, mke wa mtu na Amiri Jeshi Mkuu, asingejitia hatarini. Ilikuwa hotuba nzuri, na nadhani ilikuwa ya kweli.

Lakini pembeni yake alikuwa amekaa waziri yuleyule wa tangawizi. Si kosa lake peke yake, mawaziri hutumikia. Ila kijijini watu wana kumbukumbu. Agosti nilimpigia simu mama mkubwa, mjane wa mwalimu, nikamwambia, mama, nenda kachanje, ni mara moja tu, sindano moja basi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, mwaka jana mliandika hakuna. Baba yako alikuwa anatusomea gazeti hapa barazani, anasema someni, hata kijana wetu ameandika. Sasa mnaandika ipo. Yale ya mwaka jana mmeyaweka wapi?"

Nilimwambia mambo yamebadilika. Akasema ndaga, asante, akanisalimia mke wangu, akakata.

Uvumi, ndiyo, ulikuwepo. Kwamba ukichanjwa unakufa baada ya miaka miwili, unakuwa tasa, balbu inawaka ukiigusisha begani, ni namba ya mnyama. Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe kwa tiketi ya chama tawala, alihubiri dhidi ya chanjo Jumapili baada ya Jumapili, na video zake zilifika Nkunga kabla ya boksi la barafu. Waziri Gwajima, ndiyo, jina la ukoo ni hilohilo, akaagiza vyombo vimhoji. Agosti 31 Bunge likamsimamisha mikutano miwili. Wengi wa wenzangu wanaandika historia hii kama vita ya Gwajima wawili kwa sababu inasomeka vizuri. Mimi naona askofu alikuwa anavuna shamba lililolimwa na wengine. Hakusema jambo lolote kuhusu wazungu na chanjo ambalo kiongozi wa nchi hakuwa amelisema miezi saba kabla, kwa kipaza sauti kikubwa zaidi. Na aliyelisema alikuwa amekufa akipendwa. Kumkana kwa sindano kulionekana kwa wengine kama kumsaliti marehemu.

Miaka ya 1930 waliishi Rungwe wanaanthropolojia mke na mume, Monica na Godfrey Wilson. Baadaye Monica aliandika kuhusu imani moja ya Wanyakyusa iitwayo embepo sya bandu, pumzi ya watu: kwamba majirani wakikuchukia kwa kosa, wakinong'ona, pumzi yao baridi inaweza kukuletea homa. Siku hizi ukimuuliza kijana wa Nkunga atacheka. Lakini yule muuguzi wa kwenye benchi aliniambia kitu kilichonikumbusha. Alisema wapo waliokuwa wanachanjwa kwa siri. Wanashuka Tukuyu mjini, kwenye kituo ambacho hawajulikani, au wanakuja zahanati jioni. Walichoogopa kuliko madhara ya dawa ni kile kitakachosemwa wakipata homa kesho yake, kwamba si tulikuambia. Na homa ya siku moja baada ya sindano ni kitu cha kawaida kabisa. Kwa hiyo chanjo ilikuwa inaleta kwa mkono wake mwenyewe ushahidi wa wanaonong'ona.

Miezi ilipita hivyo. Karibu miezi mitatu baada ya uzinduzi zile dozi milioni moja na ushee, kwa nchi ya watu karibu milioni 60, zilikuwa bado hazijaisha. Serikali ikaja na mpango uliopewa jina la kishairi, Mpango Harakishi na Shirikishi, yaani chanjo itoke zahanati iende sokoni, minadani, makanisani, misikitini. Oktoba zikaanza kuingia Sinopharm za China, kisha Pfizer na Moderna. Kwa kijiji chenye njia za utelezi kama kwetu, Janssen ya sindano moja ilibaki ndiyo ya maana. Kumrudisha mtu baada ya wiki tatu au nne kwa dozi ya pili, wakati wa kupanda viazi, jaribu uone.

Mwanzoni mwa 2022 waliokuwa wamekamilisha chanjo walikuwa bado chini ya asilimia 5 ya Watanzania wote. Kisha likatokea jambo ambalo halikupangwa na mtu. Februari 2022 Malawi ilitangaza kupata mtoto mwenye polio ya asili huko Lilongwe, Afrika ikiwa imeshatangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Mikoa yetu ya mpakani, Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, ikapewa kampeni ya haraka, Machi 24 hadi 27, matone ya mdomoni kwa watoto wa chini ya miaka mitano, nyumba kwa nyumba.

Nyumba kwa nyumba. Aliyeingia kwa mama mkubwa hakuwa ofisa wala muuguzi. Alikuwa yule mama wa kijiji ambaye miaka yote alikuwa anapita na fimbo ya dawa ya usubi, sasa hivi mtu mzima, na miwani. Alitia matone kwenye vinywa vya wajukuu wawili, akapaka wino kwenye kidole, akaandika kwa chaki ukutani. Mama mkubwa akamkaribisha chai. Wakaongea habari za mazao na magoti. Ndipo mama mkubwa mwenyewe akauliza, ile ya korona wewe ulichanja? Akajibiwa: "Mwezi wa nane. Homa siku moja, kichwa, basi. Unaniona." Siku mbili baadaye wakaenda pamoja zahanati. Walikuwa sita, ninavyoambiwa. Chupa moja ikaisha na ya pili ikafunguliwa kwa mtu mmoja, muuguzi akaanza tena kutafuta wanne.

Hakuna mtu aliyemwonyesha mama mkubwa takwimu. Hakumwona msanii kwenye bango. Alimuuliza mtu mmoja ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kubadilisha maneno. Wilaya ilikuwa na mtandao huo tangu enzi za usubi, majina yapo kwenye madaftari, na bado uzinduzi wa 2021 uliwaweka watu hao pembeni, ukategemea vituo 550 nchi nzima, mabango, na mikutano ya viongozi waliokuwa wanajikana wenyewe. Hilo kwangu ndilo kosa kubwa la mwaka ule wa kwanza, zaidi ya upungufu wa dozi na zaidi ya askofu.

Mpango ulipowageukia wahudumu wa jamii na kuwalipa posho kidogo, mambo yalikwenda kasi ambayo sikuitarajia. Mwanzoni mwa 2023 zaidi ya nusu ya Watanzania wote walikuwa wamekamilisha chanjo, na shirika la afya la dunia likawa linaitaja nchi yetu kama mfano. Sisi! Wale wa papai. Nafurahi, ingawa najua pia kwamba kufikia hapo wimbi la hatari lilikuwa limepita. Tulichanja vizuri sana baada ya mazishi.

Pesa zilikuja pia. Mkopo wa IMF wa Septemba 2021, zaidi ya dola milioni 567, uliotafsiriwa kuwa shilingi trilioni 1.3, ulijenga madarasa 15,000 na vifaa vya hospitali. Nchini kote utayakuta madarasa hayo mapya, mabati yanang'aa. Watoto wanasoma ndani yake, nami siwezi kuyasema vibaya, ila naona ajabu kwamba alama inayoonekana zaidi ya janga lile ni jengo la shule, wakati makaburi ya Februari 2021 hayana alama yoyote.

Mei 5, 2023 dunia ikatangaza dharura imekwisha. Hesabu rasmi ya Tanzania ilikuwa vifo 846. Baba mkubwa hayumo. Hawezi kuwemo, mwezi aliokufa hesabu ilikuwa imesimama kwenye 21. Nilidhani mambo haya yamebaki nyuma mpaka Januari 2025, Shirika la Afya Duniani liliposema kuna dalili za Marburg mkoani Kagera, wizara ikasema sampuli zote ni safi, na siku chache baadaye Rais akasimama Dodoma pamoja na Tedros na kuthibitisha mgonjwa yupo. Siku chache tu safari hii. Ni maendeleo, nakubali. Lakini zile siku chache nilizihesabu moja moja.

Mwaka jana nilikwenda Nkunga kwa mavuno ya parachichi. Mama mkubwa ana kopo la maziwa ya unga la zamani anakoweka karatasi za nyumba. Aliniomba nimsomee, macho yamepungua. Kulikuwa na kadi za kliniki za watoto wake watano, moja imeliwa na mende. Kulikuwa na kadi yake ya UVIKO yenye muhuri, Machi 2022. Na chini kabisa ile karatasi ya hospitali. Nilipofika kwenye neno nimonia nikasita, nikaisoma kimyakimya. Akasema, "Soma kwa sauti. Soma kama ilivyoandikwa."

Nikasoma. Akaikunja, akairudisha kwenye kopo chini ya nyingine, akaniuliza kama gari la Mbeya la saa tisa bado lipo.